Kurudisha mazalio ya samaki ufukweni mwa ziwa Kivu: anza na watu, matete yaje baadaye

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote cha Bukavu, Kabare, Kalehe, Idjwi au Goma, mashariki mwa Kongo, kinachotaka kufufua kipande cha ufuko kilichoharibika: mahali palipokuwa na matete na vifaranga vya samaki, sasa pana tope, machupa na vifusi vya ujenzi. Nimeupanga kwa utaratibu tunaoufuata upande wetu wa Bukavu, na utaratibu huo ndio jambo lenyewe. Vikundi vingi vinaanza kwa kupanda. Picha zinapigwa, miche inasimama kwa muda, kisha mvua kubwa inaifunika tope au mtu anaipitishia wavu usiku. Kupanda kunaweza kumalizika kwa siku moja ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa. Yanayotangulia ndiyo yanayochukua miezi.

Kabla ya yote: ujue unachokirudisha

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, lakini oksijeni iko juu tu, katika mita 60 hivi za kwanza. Chini ya hapo maji yamejaa gesi ya kaboni na metani, na samaki hawezi kuishi. Tena sehemu nyingi za ufuko zimesimama: unaingia hatua chache tu majini na tayari huoni chini. Kwa hiyo ukanda wa maji mafupi, wenye mchanga, mawe na majani, ni mwembamba sana. Na ni humo humo tilapia dume anachimba kiota, jike anakusanya mayai na kuyabeba mdomoni, na haplokromi, samaki wadogo wa jamii ya tilapia, wanajificha. Sambaza, dagaa aliyeletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, tunamvua kilindini kwa taa, lakini wachanga wake wanakaa karibu na ukingo. Anayemwaga kifusi majini ili aongeze kiwanja chake anaondoa malezi ya samaki ambayo ziwa haliwezi kuyahamishia kwingine.

Hatua ya 1: Wajue wote wanaotumia kipande hicho

Usiitishe mkutano bado. Nenda ufukweni kwa saa tofauti, ukae, uangalie. Alfajiri utaona pirogi (mitumbwi) tatu tatu zilizounganishwa kwa miti zikirudi, na kina mama wakingoja sambaza kwa mabeseni. Asubuhi wanakuja wafuaji na watoto wenye bido (madumu) za maji. Mchana kuna wachimba mchanga na vijana wa ndoana. Usiku kuna wanaokokota vyandarua vya mbu ukingoni na kutoa vifaranga visivyofika urefu wa kidole.

Hawa wa usiku usiwaweke katika hesabu ya maadui. Mara nyingi ni mtu asiye na mtaji wa wavu halali, mwenye watoto wa kulisha kesho yake. Asipokuwepo mkutanoni, atakuwepo ufukweni siku inayofuata, na mkataba wenu utakuwa karatasi tu. Mtafute kwa upole, kupitia mtu anayemwamini.

Halafu geuka, upe ziwa mgongo. Fuata mfereji unaoingia kwenye kipande chenu mpaka unakoanzia. Kwa Bukavu utajikuta unapanda mlima, pengine mpaka komini ya Kadutu, kati ya nyumba zilizobanana ambazo wenyewe wanaona ziwa kwa mbali tu. Tope lenu linatoka huko, na takataka zenu pia. Familia hizo ni wenye ufuko sawa na wavuvi, na ndizo zinazosahauliwa katika karibu kila mradi niliouona.

Hatua ya 2: Mkutano na mkataba

Piga hodi kwanza kwa chefu wa avenyu (barabara) na chefu wa kartie (mtaa). Nje ya mji, kwa chefu wa kijiji. Pitia ofisi ya mazingira na ya uvuvi, na uulize watu wa kadastre, ofisi ya viwanja, mpaka wa viwanja uko wapi. Ukipanda ndani ya kiwanja chenye karatasi za mtu, atang'oa na sheria itakuwa upande wake.

Mkutano uufanye wakati wa mwezi mpevu. Mwezi ukiwaka, taa haziwavuti sambaza, kwa hiyo wavuvi wako nyumbani na wamelala vya kutosha. Uitishe mchana, kwa sababu asubuhi mama wa soko hawezi kuacha samaki zake. Na waombe kina mama waseme kwanza. Wazee wakishafunga neno, ni vigumu mama kulifungua mbele ya watu, na mara nyingi yeye ndiye anayejua samaki walianza kupungua ukubwa lini, maana amewashika mkononi kila siku.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti. Useme mambo manne: kipande kinaanzia jiwe gani na kuishia mti gani, nani analinda na siku gani, aliyevunja anafanyiwa nini, na faida inagawanywa vipi. Kuhusu adhabu, nashauri siku za kazi kuliko pesa. Faini ya pesa inaleta maswali ya nani ameweka mfukoni, na kikundi kinavunjika kwa sababu ya kisanduku.

Chagueni kipande kidogo. Mita 100 za ufuko zinazolindwa kweli zinatosha kwa mwanzo.

Hatua ya 3: Mteremko

Tarehe 4 Mei 2023 maji na tope viliporomoka juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Sitaki kulitaja hilo kwa haraka kana kwamba ni mfano wa darasani. Tunaofanya kazi hii tulizika ndugu na marafiki. Milima iliyovuliwa miti inashusha udongo kila msimu wa mvua, na udongo huo unapofika ziwani unafunika mchanga na mawe ambamo samaki wanazaliana. Ukipanda matete chini bila kugusa mlima, unapanda kwenye njia ya tope.

Chombo cha kwanza ni pembetatu ya miti. Funga pamoja ncha za miti miwili yenye urefu wa mita 2, miguu iachane, kisha funga mti wa tatu ukilala katikati kama herufi A. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe ipite mbele ya mti uliolala. Simamisha, weka alama kamba inapogusa mti. Badilisha miguu nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nayo mlimani: kamba ikitulia katikati, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Choma kijiti kila mguu unapotua. Mstari wa vijiti ndio mstari wa mtaro, na maji yatakayoingia humo yatasimama badala ya kukimbia. Ukingoni mwa mtaro panda majani ya tembo au vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu. Majani ya tembo yanapendwa zaidi na wenye mashamba kwa sababu yanalisha mbuzi na sungura, na kinachomfaidi mwenye shamba kitatunzwa bila mlinzi.

Tahadhari moja ambayo ni ya maisha na kifo. Mahali ambapo ardhi yenyewe inateleza, kama Funu mjini Bukavu, ambapo kuta zina nyufa na milango inakataa kufunga, usichimbe mitaro ya kusimamisha maji. Maji yakizama kwenye ardhi ya namna hiyo yanaongeza uzito na kuilainisha. Hapo maji yaongozwe haraka kwenye mfereji wa mawe, na kabla ya jembe la kwanza muulizeni mtu wa jiolojia kutoka chuo kikuu.

Hatua ya 4: Takataka

Machupa yanayotoka kwenye mito ya mjini kama Kawa yanazunguka ghubani, mengine yanasukumwa mpaka bwawa la mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme. Kwenye mdomo wa mfereji wenu wekeni kizuizi kinachoelea: bido tupu zilizofungwa kwenye mianzi, na chini yake wavu mzito uning'inie nusu mita. Kikae kwa mshazari, ili takataka zijisogeze upande mmoja zinakoweza kutolewa. Baada ya kila mvua kitolewe. Kizuizi kilichojaa kinakatika, na kikikatika kinaingiza ziwani takataka za wiki nzima pamoja na bido zake.

Hatua ya 5: Kupanda

Baada ya tsunami ya 2004, mikoko mingi ilipandwa kwenye pwani ya Sri Lanka, na sehemu nyingi ilikufa kwa sababu iliwekwa mahali ambapo mikoko haioti kwa asili. Somo hilo linatuhusu hata sisi wa maji matamu. Tafuta ufuko wa karibu ambao bado una matete au mafunjo, uone unakaaje: umepigwa na mawimbi kiasi gani, uko mchanga au mawe, maji yanafika wapi. Kama kipande chenu ni mwamba mtupu unaopigwa na mawimbi, kiache kiwe mwamba. Kuna samaki wa mawe pia. Ondoeni takataka tu.

Wakati mzuri ni Oktoba. Ziwa liko chini baada ya kiangazi, mvua zimeanza, na mche unapata miezi ya kushika mizizi kabla maji hayajapanda kufikia kimo chake cha juu, karibu na Mei. Chimbueni vipande vya mizizi vyenye macho mawili au matatu, mkichukua kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi ili msiue ufuko mwingine kwa kuponya wenu. Pandeni kwa umbali wa nusu mita, mstari wa kwanza pale maji yanapogusa nchi kavu, na mistari mingine nyuma yake. Mikaratusi isikaribie, inakunywa sana na chini yake mimea mingi haioti vizuri. Atakayesimama majini avae buti za mpira, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yenye majani.

Hatua ya 6: Kufunga

Hapa bahari inatufundisha. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walifunga sehemu moja ya kuvulia pweza kwa miezi 7, na walipoifungua walikuta pweza wakubwa. Vijiji vingine vikaiga. Mwaka 2005 wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, nchini Kenya, walifunga kipande cha bahari yao wenyewe. Waliofunga ni wanaovua, na hilo ndilo la kuchukua. Lakini msiahidi watu kasi ya pweza, ambaye anakua kwa miezi. Tilapia anahitaji zaidi ya msimu mmoja, na mtu aliyedanganywa mara moja harudi.

Wekeni bido zilizopakwa rangi kama mpaka, zionekane hata usiku kwa tochi. Ulinzi uwe wa wawili wawili, mvuvi mmoja na mtu mmoja wa mlimani, ili kila upande uone kazi ya mwenzake. Kwa wale wa chandarua, anzisheni likelemba, mchango wa kupokezana, itakayowapa wavu wa macho makubwa kwa zamu, na wawe wa kwanza kupewa kazi ya kizuizi na ya kukata majani. Bila hilo, kufunga ni kuwanyima chakula tu.

Hatua ya 7: Kupima

Tafuteni kifuniko cha ndoo, kipakeni rangi nyeupe, kifungeni jiwe chini na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Kishusheni kutoka kwenye pirogi, saa ile ile, mahali pale pale, mara moja kwa mwezi. Andikeni fundo ambalo kifuniko kinapotea machoni. Wanafunzi wasimame kimya ukingoni na kuhesabu vifaranga ndani ya fremu ya fito ya mita moja kwa moja. Daftari likae kwa mtu mmoja, lakini lisomwe mbele ya wote kila mwezi mpevu.

Kifuniko kikianza kupotea mapema, angalieni rangi ya maji. Yakiwa ya kijani kati ya Julai na Septemba, upepo wa kiangazi umechanganya ziwa na mwani umeongezeka, subirini tu. Yakiwa ya kahawia, kuna udongo mpya unaofunguka mahali fulani juu. Siku hiyo hiyo fuateni mfereji kwenda juu mpaka mpaone.