Somo: Mmeachana, mtoto anakaa na nani na mwenzio atamwona lini?

Wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, kabla ya yote tenganisheni mambo mawili ambayo watu huyafunga pamoja: matunzo na kumwona mtoto. Baba asipotuma hela, mama anamficha mtoto. Mama akimficha, baba naye anakata hela. Anayekosa daftari ni mtoto. Kisheria kila jambo hudaiwa kivyake, na kukosa moja si ruhusa ya kuzuia la pili.

Hatua ya 1: Kikao. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana kauli. Mwiteni, pamoja na mtu mzima wa upande wa baba. Nani alimkosea nani lina siku yake. Hapa zungumzeni mtoto tu, na muandike. "Baba atakuwa anakuja kumwona" haitoshi kabisa. Andikeni hivi: "Baba atamchukua Ijumaa ya mwisho wa mwezi saa 10 jioni, kwa bibi yake Ndanda. Atamrudisha Jumapili saa 9 alasiri, na sare, madaftari na dawa zake."

Matunzo pia yaandikwe kwa hali halisi. Mkulima wa korosho hana mshahara, hivyo mnaweza kukubaliana kiasi kidogo cha chakula kila mwezi, na ada na sare zilipwe fedha za mnada zikiingia. Likizo nazo zigawanywe. Kama kuna jando au unyago, mwafikiane mapema, maana mtoto kupelekwa mzazi mwenziwe hajui huwasha moto usiozimika upesi. Wote wawili wasaini, mashahidi nao.

Kama kuna kipigo au mtoto anadhurika, ruka kikao. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116.

Hatua ya 2: Ustawi wa jamii. Kikao kikikwama, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, maandishi ya kikao na kumbukumbu za hela zilizotumwa kwa simu.

Hatua ya 3: Mahakama ya Watoto. Maombi ya kukaa na mtoto, kumtembelea na matunzo hupelekwa hapa, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Shauri halisikilizwi hadharani, na hakimu anaweza kuagiza ripoti ya ustawi. Wenye kesi ya talaka wanaweza kuamuliwa suala la mtoto humo humo.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Newala: Mwanangu ana miaka 4. Baba yake anasema ni damu yake, atamchukua.*
Dada, Sheria ya Ndoa ya 1971 huanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa hiyo jiandae kuonyesha unavyomlea. Maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia.

*Baba wa Nachingwea: Hatukufunga ndoa. Nina haki gani?*
Kaka, kutofunga ndoa hakukufuti. Kama ubaba wako unabishiwa, mahakama inaweza kuombwa ithibitishe nani mzazi. Ukithibitika, wajibu wa matunzo nao unakuja.

*Bibi wa Mtama: Nimemlea mjukuu tangu anyonye. Sasa wazazi wanamgombania, mimi sina neno?*
Unalo, bibi. Ndugu anayemlea mtoto anaruhusiwa kuomba mahakamani akae naye au amtembelee. Mahakama pia hutazama madhara ya kumhamisha mtoto alikozoea. Nenda ustawi na kadi ya kliniki na barua kutoka shuleni kwake.

*Mama wa Masasi: Mtoto ana miaka 12, hataki kwenda kwa baba yake.*
Maoni yake husikilizwa kulingana na umri na uelewa wake. Usimfundishe la kusema. Muulize kwa utulivu kuna nini kule. Kama ni mama wa kambo au safari ndefu, mnaweza kubadili ratiba. Kama ni jambo la kumtisha, nenda ustawi leo hii.