Mradi wa alizeti shuleni: sisi tulivyopata simtanki bila kumchangisha mzazi

Walimu wenzangu wa shule za serikali, hasa mlioko Chamwino, Bahi, Kongwa mpaka Singida huko, hii ni yenu. Ada ilishafutwa tangu 2016, ruzuku inakuja ndiyo, ila ikishalipa umeme, chaki na karatasi za mitihani imeisha, na gata lililotoboka linabaki hivyohivyo. Mi ndo nasimamia miradi shuleni kwetu, nawapa njia tuliyopita.

Hatua ya 1: karatasi kabla ya jembe
Msilime hata tuta moja kabla bodi ya shule haijakaa na muhtasari ukasainiwa, nakala iende kwa mkurugenzi kupitia afisa elimu sekondari. Na humo andikeni hela itafanya kitu gani, kimoja tu. Sisi tuliandika simtanki la lita 5,000 na magata ya madarasa mawili. Ukiandika "maendeleo ya shule" umekwisha, hayo maendeleo yanameza mpaka soda za wageni.

Hatua ya 2: lima kinachokubali kwenu
Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na katikati hapo inakata mahindi yanaungua mnayaangalia. Zabibu inalipa kweli, inavunwa hadi mara mbili kwa mwaka, lakini inataka nguzo, waya, dawa na mtu wa kuikagua kila siku, kwa kuanzia mtaji hamna. Kuku wa shule sishauri, likizo ikifika wanakufa, au tunaambiwa wamekufa. Alizeti inavumilia ukame na ndani ya siku 90 mpaka 120 imekomaa.

Hatua ya 3: kupanda
Muulizeni afisa ugani mbegu, msichukue ya gunia la jirani. Nafasi ni sentimita 75 mstari hadi mstari na 30 shina hadi shina, sisi tulifunga mafundo kwenye kamba ya katani, watoto wawili wanaivuta huku na huku, mwingine anadondosha mbegu kwenye kila fundo, heka nne zikaisha kwa jioni tatu. Iwe muda wa elimu ya kujitegemea, sio wa kipindi cha hesabu, na kidato cha nne waacheni wasome. Shamba la mwalimu binafsi wasikanyage kabisa, hilo ndo linawafanya wazazi wauchukie mradi wote.

Hatua ya 4: usiuzie shambani
Hapa ndo tulipigwa. Msimu wa kwanza dalali alikuja na magunia yake mwenyewe, akashindilia mpaka yakaota kichwa, lumbesa kabisa, akahesabu 17 akatulipa 17, na mimi nimesimama pale na kalamu mkononi naandika 17. Msimu uliofuata tukapata 19 ya kwetu, tukayapima kwa mzani, tukayaweka stoo juu ya mbao yasiguse sakafu, tukapeleka mashineni kukamua. Gunia lilitoa kama lita 17, jumla ndoo 16 za lita 20. Siku ya kikao cha wazazi ziliondoka 9, zingine wakanunua walimu na mama ntilie wa pale stendi.

Hatua ya 5: hela isilale mfukoni kwa mtu
Kila ndoo risiti, hela benki siku hiyohiyo kwenye akaunti ya shule, kutoa ni kwa utaratibu wa manunuzi wa serikali hata kama fundi ni shemeji yako. Mapato na matumizi yabandikeni ubaoni, herufi kubwa, watoto wenyewe watayasoma na kuyapeleka nyumbani.

Halafu mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa! Mwenye mashine atajifanya kasahau kuwapa, dai yote, wafugaji wananunua. Ya kwetu yalilipa usafiri wa kupeleka na kurudi.