Udongo mweusi usikudanganye: kupima shamba la Story County, Iowa, kabla ya kupanda

Mwaka wa kwanza nilipokodi robo ekari hapa Story County, kaskazini mwa Des Moines, mwenye shamba aliniambia nichague upande niutakao. Nikakimbilia bondeni, maana udongo wa kule ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu. Nikapanda maharage. Juni mvua ikapiga siku tatu mfululizo, maji yakatuama, majani yakawa njano. Ukivuta shina linakuja lote na mizizi iliyooza. Mwenzangu aliyelima hatua arobaini tu juu yangu alivuna hadi akagawia jirani.

Tangu hapo jembe langu haligusi shamba jipya kabla sijafanya yafuatayo.

Hatua ya 1: Soma ramani

Idara ya Kilimo ya Marekani ina tovuti ya bure iitwayo Web Soil Survey. Andika anwani ya shamba, chora mpaka kuzunguka kipande chako, kisha fungua ramani ya udongo. Utaona alama kama L138B, L55 au L107.

Eneo hili lilifunikwa na barafu nene iliyoyeyuka zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Juu ya mabaki yake yakaota majani marefu ya mbuga, na mizizi yake ilipooza kizazi baada ya kizazi ndiyo iliyotia weusi. Kwa hiyo karibu kila mahali ni peusi. Kinachotofautisha kipande na kipande ni maji yanakoelekea.

Mgongoni mwa mwinuko utakuta udongo uitwao Clarion (namba 138), maji hupita vizuri. Ukishuka kidogo, Nicollet (55), wenye unyevu wa kutosha. Kwenye tambarare ya chini ni Webster (107), mzito na wenye kushika maji. Ndani ya mashimo yanayogeuka madimbwi ni Okoboji (6). Huko ndiko nilikozika maharage yangu. Pembezoni mwa mashimo hayo jihadhari na Harps (95), una chokaa nyingi. Herufi baada ya namba ni mteremko: L138B ni asilimia 2 hadi 6, na C ni mkali zaidi. Ukiona C2, jua mmomonyoko umeshakula sehemu ya udongo wa juu.

Mpangilio huu wa udongo kufuata mteremko wataalamu huuita katena, na jina hilo lilitoka kwetu: Geoffrey Milne alilitoa miaka ya 1930 akifanya kazi Amani, Tanganyika. Msukuma anayejua luseni ya juu, yaani udongo wa kichanga, na mbuga ya chini, yaani mfinyanzi mweusi, ataisoma ramani hii bila mwalimu.

Hatua ya 2: Chimba

Ramani haioni vipande vidogo, kwa hiyo usiishie hapo. Piga simu 811, huduma ya kuonyesha vilivyofukiwa ardhini, siku chache kabla, ni bure, waje waweke alama palipopita nyaya na mabomba ya gesi. Kisha chimba mashimo matatu, juu, katikati na chini, kila moja kina cha sentimita 60 hadi 90.

Usitazame weusi wa juu. Tazama kilicho chini yake. Ukikuta kahawia, hewa inafika na mizizi itashuka. Ukikuta kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu, maji hukaa hapo sehemu ya mwaka, hata kama leo ni Agosti na vumbi linatimka.

Hatua ya 3: Vidole, siki na maji

Lowesha donge, likande, lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Likikatika kabla ya sentimita 2.5, ni tifutifu. Likifika hadi sentimita 5, mfinyanzi umeshaingia. Likipita hapo, ni mfinyanzi hasa.

Kisha dondoshea siki udongo mkavu. Ukichemka povu, una chokaa. Hapo maharage na soya huwa njano huku mishipa ya majani ikibaki kijani, kwa sababu mmea unashindwa kufyonza chuma. Na tafadhali, usimwage majivu ya mkaa kama tulivyozoea nyumbani, unaongeza tatizo.

Mwisho, jaza maji kwenye shimo la sentimita 30, yaache yaishe, jaza tena, upime. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, tengeneza matuta.

Hatua ya 4: Uliza habari za mabomba

Tovuti ileile hutoa alama ya CSR2, kuanzia 5 hadi 100, inayoonyesha ardhi inavyofaa mahindi. Webster hupata alama nzuri, lakini alama hiyo huchukulia kwamba palipohitaji kutolewa maji, mabomba yameshafukiwa. Muulize mwenye shamba kama yapo, yanamwaga wapi, kisha nenda ukatazame mdomo wa bomba baada ya mvua. Bomba likiwa kavu ilhali shamba ni tope, limeziba.

Hatua ya 5: Panda

Mimi huweka maharage, nyanya na matembele kwenye Clarion. Mahindi na mchicha kwenye Nicollet, havinyauki upesi Julai. Webster naipa sukuma wiki na kabichi, juu ya matuta, nikichelewa kidogo, maana udongo wenye maji huchelewa kupata joto. Mahindi nasubiri kipimajoto kionyeshe nyuzi 10 za Selsiasi kwenye kina cha sentimita 10. Maharage na mchicha nangoja katikati ya Mei, jalidi ipite. Mihogo usihangaike nayo, msimu ni mfupi mno.

Lile shimo la Okoboji nimeliacha. Juni iliyopita bata wawili walikuwa wakiogelea palepale palipokuwa na mistari yangu ya maharage.