Kuhamisha jukwaa la phpBB kwenda Discourse kwenye seva yenu wenyewe

phpBB na Discourse ni programu za kuendesha jukwaa la mijadala mtandaoni. Mijadala ya miaka kumi huhama bila shida kubwa. Kinachokwama ni wanachama kuingia tena: kwa kawaida nywila za phpBB hazihamishwi, kila mtu huweka mpya kupitia barua pepe. Basi anzeni na barua pepe.

Wiki tatu kabla

Bandikeni tangazo juu kabisa: kila mwanachama ahakiki anwani ya barua pepe kwenye wasifu wake. Wengi walijiandikisha kwa anwani za kazini walikokwisha ondoka. Waambieni pia kwamba Discourse haikubali nafasi kwenye jina la mtumiaji. "Mama Asha" atakuwa "Mama_Asha".

Seva na barua pepe

Discourse huendeshwa na RAM ya GB 1 ikiongezewa swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2, lakini kwa kazi ya kuhamisha chukueni GB 4, mpunguze baadaye. Kwa diski, jumlisheni hifadhidata na viambatisho, kisha zidisheni mara tatu, maana kila picha itakaa mara mbili na bado kuna nakala rudufu. Elekezeni kikoa cha majaribio kwenye seva kwanza (anwani ya IP peke yake haikubaliki), kisha:

`git clone https://github.com/discourse/discourse_docker.git /var/discourse`
`cd /var/discourse && ./discourse-setup`

Msitume barua pepe moja kwa moja kutoka seva yenu; tumieni huduma ya SMTP, yaani kampuni inayowatumia barua pepe. Mlango 25 umefungwa na kampuni nyingi za seva. Tumieni 587, ukigoma jaribuni 2525. Wekeni rekodi za SPF, DKIM na DMARC (zinazothibitisha kwamba barua ni ya kikoa chenu) kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa, kisha tumeni barua ya majaribio kwa Gmail na mfungue ujumbe halisi: SPF na DKIM zote zisome PASS. Kabla ya hapo msiendelee.

Kutoa data

`mysqldump --default-character-set=utf8mb4 -u mtumiaji -p hifadhidata > phpbb_mysql.sql`

Kabla ya kuingiza, tafuteni neno lenye ng'. Alama ya juu iliyopinda, ile inayowekwa na simu nyingi, ndiyo huharibika kwanza. Mkikuta "ngâ€™ombe" badala ya "ng’ombe", usimbaji (namna herufi zinavyohifadhiwa) umevurugika. Toeni upya sasa. Kusahihisha baada ya kuingiza ni kazi ya kugusa kila ujumbe.

Jaribio

Nakilini `containers/app.yml` iwe `containers/import.yml`, ongezeni `templates/import/phpbb3.template.yml` kwenye orodha ya violezo, kisha:

`./launcher stop app`
`./launcher rebuild import`

Wekeni faili la SQL pamoja na folda za `files` na `images` ndani ya `shared/standalone/import/data`. Kwenye `settings.yml` hakikisheni kiambishi cha majedwali ni chenu (mara nyingi `phpbb_`), na muwashe permalinks (anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya) ili viungo vya `viewtopic.php` visife. Kisha:

`./launcher enter import`
`import_phpbb3.sh`

Zoezi likikatika, lirudieni. Yaliyokwisha kuingia hurukwa. Urahisi huo una gharama yake: ujumbe uliohaririwa kwenye jukwaa la zamani baada ya jaribio hautasasishwa. Kama wanachama wenu huhariri sana, siku ya mwisho anzeni na hifadhidata tupu.

Siku yenyewe

TTL ya kikoa (muda ambao anwani ya zamani hukumbukwa mtandaoni) iwe sekunde 300 tangu jana yake. Fungeni phpBB kwa "Disable board", toeni data mara ya mwisho, ingizeni, badilisheni `DISCOURSE_HOSTNAME`, jengeni upya `app`. Fungueni viungo vya zamani kadhaa, hasa vile vinavyotokea Google.

Baada ya kuingiza, hakikisheni kwanza kwamba barua pepe zimezimwa kwenye mipangilio ya Discourse. Kabla ya kubadilisha `disable_emails`, washeni `disable_digest_emails`. Mkisahau, muhtasari wa mijadala utatumwa kwa maelfu ya anwani, nyingine zimekufa, na kikoa chenu kipya kitaanza maisha kwenye folda ya taka. Kisha waalikeni wanachama kwa mafungu, mkianza na walioonekana hivi karibuni.

Nakala rudufu hukaa kwenye seva hiyohiyo msipozipeleka kwingine. Na `app.yml`, yenye nywila ya SMTP, haimo ndani yake. Ihifadhini peke yake.