Kusanifu programu ya simu ya wanafunzi wa chuo: anzeni na milango, rangi baadaye

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho hunijia vijana wenye wazo lilelile: programu moja itakayobeba maisha yote ya chuo. Ramani, ratiba, matokeo, bumu (pesa ya mkopo), vitabu vya mkono wa pili, hadi kutafuta mtu wa kuchangia naye geto. Nimeandika haya baada ya kukaa na kundi moja la namna hiyo. Mifano ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Aliye Dodoma au Mzumbe abadilishe majina tu.

Hatua ya 1: Futeni orodha

Futeni vipengele vyote mlivyoandika, mbakize maswali mawili: pindi langu (kipindi cha darasa) linalofuata liko wapi, na bado lipo? Matokeo yana ARIS, mfumo wa chuo wa taarifa za masomo, na mkopo una mfumo wa Bodi ya Mikopo. Kamwe msimwombe mwanafunzi nywila yake ya ARIS eti mmwoneshee GPA. Mkishaihifadhi mmejiingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, tena kwa ajili ya namba anayoweza kuiangalia mwenyewe. Programu hii haihitaji hata akaunti. Mtu achague kozi na mwaka wake, basi.

Na msanifu kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu anazijua njia zote, hata za kukwepa wadai.

Hatua ya 2: Penseli

Skrini tatu kwenye karatasi: pindi linalofuata, ramani, utafutaji. Baadaye mtazihamishia kwenye zana ya usanifu, Figma, au Penpot, ambayo ni ya bure na chanzo huria na mimi naipenda zaidi. Mkifungua zana hizo mapema mtashinda mkibishana rangi ya kitufe. Mandhari meusi yasiwe chaguo la kwanza. Hii ni programu ya kutazamwa ukiwa umesimama juani saa sita mchana.

Hatua ya 3: Majina, milango na njia

Hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa sababu watu hudhani ramani ipo tayari. Ipo, ila haijui mnachokijua nyinyi.

Anzeni na majina. Jengo moja linaweza kuwa na matatu: la kwenye kibao, kifupi cha kwenye ratiba, na lile wanafunzi wanalolitamka. Fungueni jedwali, hata la Excel, lenye safu za jina rasmi, kifupi, jina la mtaani, mlango, ghorofa na kampasi. Ya kampasi msiidharau. CoICT, ndaki ya TEHAMA, ipo Kijitonyama, na mgeni akikiona kifupi hicho kwenye ratiba anaweza kukizunguka kilima kizima akiitafuta. "Maktaba" nayo ni majengo mawili, ya zamani na mpya iliyofunguliwa 2018, kwa hiyo utafutaji uulize ni ipi, usibahatishe.

Yombo 4, YOMBO4 na yombo iv vilete jibu moja. Hall II na Hall 2 vilevile. Kabla ya kulinganisha, ondoeni nafasi, geuzeni herufi zote ziwe ndogo, na namba za Kirumi ziwe za kawaida. Ila za Kirumi mziorodheshe wenyewe, I hadi VII inatosha. Mkichukua kodi (msimbo wa programu) ya jumla kutoka mtandaoni, Block C itakuwa Block 100.

Mahali pa kuweka data hii ni OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar es Salaam ilichorwa sana kupitia mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo wakishika simu na karatasi mitaani, kwa hiyo hamwanzi sifuri. Jina rasmi liingie kwenye lebo ya `name`, kifupi kwenye `short_name`, la mtaani kwenye `loc_name`. Msinakili chochote kutoka Google Maps. Leseni hairuhusu, na wachoraji wenzenu wakigundua wataifuta kazi yote.

Kisha milango. Jengo kwenye ramani ni umbo tu. Programu isipoambiwa mlango uko wapi, itampeleka mtu kwenye kitovu cha umbo hilo, maana yake atafikishwa ukutani upande ulio karibu na barabara, ilhali anakotakiwa kuingilia ni nyuma, kwa ngazi za kushuka. Na Mlimani ni kilima kweli: unaweza kuingia jengo kwa mlango wa chini ukatokea upande wa pili ukiwa ghorofani bado unakanyaga ardhi. Kwa hiyo tembeeni. Simameni mlangoni, wekeni nukta ya `entrance=main`, andikeni na ghorofa unayoingilia. Mimi hutumia Every Door, programu ya simu ya kuhariri OpenStreetMap, kwa kazi hiyo, na mhariri wa iD kwenye kompyuta nikirudi. Karibu na kuta ndefu GPS huruka mita kadhaa, kwa hiyo iburuteni nukta kwa mkono mpaka ikae kwenye mstari wa ukuta. Picha za setilaiti pia zinaweza kuwa zimesogea pembeni. Zilinganisheni na njia zilizorekodiwa na GPS kabla ya kuziamini.

Mlango uungwe na njia. Usioshikana na njia, kwa kompyuta ni kama haupo. Choreni vichochoro mnavyovipita kila siku, ngazi ziwe `highway=steps`, na penye taa `lit=yes`. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni programu ipendelee njia zenye taa hata kama ni ndefu. Anayeona hilo ni pambo aulize dada zake wanaorudi hosteli usiku baada ya kujisomea.

Mkimaliza, toeni data kwa Overpass Turbo, tovuti ya kuchota data ya OpenStreetMap, ikiwa GeoJSON, muundo wa faili la data ya ramani, na hapa tulieni kabisa. GeoJSON huanza na longitudo, halafu latitudo. Maktaba nyingi za kodi, yaani kodi zilizoandikwa tayari za kutumia, huanza na latitudo. Mlimani ni takriban longitudo 39.20 na latitudo -6.78, na zikibadilishana nafasi zote mbili bado ni halali, kwa hiyo hakuna ujumbe wowote wa kosa. Nkrumah Hall itahamia magharibi mwa Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Kwa kuwa ramani yenu ni ya nje ya mtandao na ina kampasi tu, Hispania hiyo mtaiona kama ukurasa mtupu. Hapo mtalaumu faili la ramani, mtaisanidi upya, mtabadilisha maktaba, na tatizo litabaki palepale. Skrini ikiwa tupu, chapisheni kwanza namba za kitovu cha ramani. Latitudo ikiwa 39, geuzeni.

Vigae vya ramani, vile vipande vya picha vinavyoiunda, msivipakue kwa wingi kutoka seva za OpenStreetMap, wamekataza. Tengenezeni faili lenu dogo, mlichore kwa MapLibre, maktaba ya kuonyesha ramani, na pembeni muandike "© OpenStreetMap contributors".

Hatua ya 4: Ratiba na CR

Ratiba ya PDF ni mwanzo tu. Ratiba ya kweli iko kwa CR, mwakilishi wa darasa, kwenye kundi la WhatsApp, na CR hataandika jambo moja mara mbili. Mpeni vitufe viwili, "Limeahirishwa" na "Limehamia", kisha programu imwandalie ujumbe kamili wa kuurusha WhatsApp. Kila badiliko lionyeshe limetumwa lini, na life pindi lenyewe likiisha. Vinginevyo wiki ijayo darasa litaenda venyu ya dharura.

Muda uandikwe namna mbili: 07:00, na chini yake saa 1 asubuhi. Mkiandika "7:00" pekee, atakuwepo atakayekuja asubuhi na atakayekuja mchana, na wote watakuwa na hoja.

Hatua ya 5: Kodi

Tumieni Flutter, zana ya kuandikia programu za simu, Android kwanza, kila kitu kifanye kazi bila bando. APK za kugawana mkononi, yaani mafaili ya kusakinisha, zijengeni kwa `--split-per-abi` ziwe ndogo. Simu nyingi za bei nafuu hukata programu zinazofanya kazi chinichini, hivyo msitegemee kengele ya ukumbusho peke yake. iPhone iacheni, Apple wanataka dola 99 kila mwaka.

Hatua ya 6: Majaribio na Play

Mpe mtu simu kituo cha daladala, mwambie aende Yombo 4, umfuate kimya. Usimwelekeze hata akipotea. Andika alikosimama.

Google Play ni dola 25, mara moja tu. Ila akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 zinadai wajaribu 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kuchapisha. Tafuteni ishirini, maana wapo watakaojitoa kimyakimya. Na muanze kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula: mtihani wa mwisho ukiisha watu wanapanda mabasi, na simu ikijaa video za safari programu yenu ndiyo ya kwanza kufutwa.