Somo: Mtoto anaanza skauti, mzazi ufanye nini

Haipiti wiki bila mzazi kuniuliza jambo hili, na majibu yangu ni yale yale. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia watoto wa miaka 7 hadi 10 hivi, yaani kabu. Mipaka ya umri hutofautiana kati ya nchi na nchi.

1. Siku ya kwanza mpeleke mwenyewe, salimiana na kiongozi, kisha ondoka.

2. Uliza utaratibu wa kuwalinda watoto. Kundi makini haliruhusu mtu mzima mmoja kujitenga faraghani na mtoto mmoja. Ukijibiwa kwa kubabaisha, tafuta kundi lingine.

3. Sare isubiri. Makundi mengi humvisha mtoto skafu siku anapotoa ahadi ya skauti.

4. Ahadi aielewe kabla ya kuikariri. Ina sehemu 3: wajibu kwa Mungu, kwa wengine na kwa nafsi yake. Muulize juzi alimsaidia nani, mwendelee kutoka hapo.

5. Fundo la kwanza: mpe kamba mbili za rangi tofauti. Kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Likitoka sawa hulala bapa, na ncha ya kila kamba hukaa sambamba na kamba yake. Likikaa msalaba, litateleza. Afungue aanze upya. Mikono yako ibaki magotini. Fundo hili ni la kufungia bandeji au mzigo mdogo, kamwe si la kuning'iniza mtu.

6. Usiku wa kwanza kambini. Hapa ndipo wazazi tunapoharibu, kwa mapenzi kabisa. Begi apange mtoto, wewe ukiwa umeshika orodha tu. Ukimpangia, gizani hatajua tochi iko wapi, na atarudi nyumbani na nguo kavu zilizokunjwa vilevile huku amevaa zilizolowa. Nguo na soksi za kulalia ziwe kwenye mfuko wake wa plastiki, zisiguswe mchana. Dawa zisikae kwenye begi: mkabidhi kiongozi mkononi, na kipimo na saa viwe vimeandikwa. Kama bado anakojoa kitandani, mnong'oneze kiongozi kabla ya safari. Viongozi wamezoea, na mtoto hataaibika.

Onyo kubwa: usimwambie, "Ukishindwa, nitakuja kukuchukua." Umeshamwambia kwamba unatarajia ashindwe, na likimpata wazo la nyumbani atashikilia ahadi hiyo badala ya kuinuka kucheza. Mwambie kumkumbuka mama ni kawaida, na kwamba akijisikia vibaya amwendee kiongozi. Kukiwa na jambo la kweli, kiongozi atakupigia.

MASWALI

Mama Watatu: Sijasoma yote, nina haraka. Ninunue nini?

Jibu: Namba 3.

Baba K: Kumnyima simu mtoto wa miaka 8 ni ukatili. Wewe una watoto kweli?

Jibu: Ninao. Sijasema asiwasiliane nawe; nimesema kiongozi ndiye atakayekupigia. Mtoto akiipokea sauti yako saa ya kulala, machozi yaliyokuwa yametulia huanza upya, na wewe uko mbali huwezi kumkumbatia. Namba yako iwe kwa kiongozi, na simu yako iwe wazi usiku kucha.

Shangazi Mpole: Wa kwangu ana miaka 6, analia anataka kwenda na kaka yake. Nimzuie?

Jibu: Swali zuri, dada, na ni la zamani. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifanya kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907 kwa ajili ya wavulana wakubwa kidogo. Skauti ilipoenea, wadogo zao wakang'ang'ania kuingia, hata mwaka 1916 wakaanzishiwa kundi lao rasmi, lenye michezo na hadithi zinazolingana na umri wao. Kwa hiyo ulizia kama kundi lenu lina ngazi ya chini ya kabu. Kama halina, mwache kaka amfundishe fundo la namba 5. Kaka atajifunza zaidi kwa kufundisha, na mdogo atakuwa amepata chake.

Mama Watatu: Nimesoma sasa. Samahani. Kwa nini skauti wanasalimiana kwa mkono wa kushoto?

Jibu: Karibu. Maelezo yanayopendwa ni kwamba kushoto ndiko mpiganaji alikoshika ngao. Kuutoa mkono huo ni kuweka ngao chini, yaani kumwamini unayemsalimu. Mwambie mtoto hivyo. Watoto hulipenda sana hilo.

Baba K: Sawa, nimekuelewa. Tochi ya mwanangu hufika kambini imeshakwisha moto.

Jibu: Inajiwasha ndani ya begi. Geuza betri moja kichwa chini wakati wa safari. Akifika aigeuze mwenyewe. Afanye mazoezi nyumbani, taa zikiwa zimezimwa.

Shangazi Mpole: Na viatu vikilowa, ajaze magazeti yaliyofinyangwa na kuyabadilisha yakishanyonya maji. Asiviweke karibu na moto, soli hubanduka.

Jibu: Kweli kabisa. Magazeti mawili matatu yaingie kwenye orodha ya begi.