Namna ya kutazama fainali ya kuruka chini bila kudanganywa na macho

Kabla hujawasha televisheni, nenda kwanza kwenye uwanja wa mpira ulio jirani. Simama kwenye nguzo moja ya goli, uitazame ya pili. Hapo ni mita 7.32. Sasa ivuke nguzo ya pili, pima mita 1.63 nyingine, uchore mstari kwa fimbo. Jumla ni 8.95, na ndiyo mita alizoruka Mike Powell wa Marekani jijini Tokyo, tarehe 30 Agosti 1991. Ni rekodi ya dunia ya kuruka chini, yaani kukimbia, kukanyaga kibao na kuruka mbali hadi mchangani.

Wanafunzi wangu niliwafanyisha hivyo kila mwaka kabla ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Mwanzoni wanacheka. Wakishakimbia na kuruka wenyewe kuanzia nguzo ya kwanza, wakaishia katikati ya goli, kicheko kinakata.

Miaka yangu ya kufundisha michezo nimeimaliza nikiwa nimechuchumaa kando ya kibao, bendera nyeupe ya mruko halali mkono huu, nyekundu ya mruko ulioharibika mkono ule. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa mtu aliyechuchumaa: usimfuate mrukaji hewani. Najua hapo ndipo penye raha. Kuna wanaoning'inia kama wameshika tawi, kuna wanaotembea hewani kama alivyofanya Carl Lewis wa Marekani, na kibanda umiza kizima kinapiga kelele. Lakini miguu ikishaachana na ardhi, mambo mengi yamekwisha. Ile mitembeo humsaidia tu asipinduke kifudifudi na aipeleke miguu mbele wakati wa kutua.

Tazama hatua mbili za mwisho. Ya kwanza kati ya hizo huwa ndefu kidogo, na nyonga inashuka. Ya pili ni fupi, ya haraka, halafu mtu anapanda. Ukimwona anakaribia kibao huku anatapatapa kwa vihatua, au anajinyoosha kukitafuta, usisubiri namba kubwa.

Kisha kibao chenyewe. Upana wake ni sentimita 20, na umbali hupimwa kuanzia ukingo wake wa mbele, ule wa upande wa mchanga. Haupimwi kuanzia pale mguu ulipoachia. Aliyekanyaga sentimita 15 nyuma ya ukingo amezitupa hizo 15, hata angepaa vipi. Aliyepitiliza ukingo, bendera nyekundu. Ndiyo maana marudio ya polepole ya mguu kibaoni yana faida kuliko marudio ya mruko mzima. Sisi hatukuwa na plastisini, ule udongo bandia laini wa kuonyesha alama ya kidole, tulitandaza udongo laini uliolowa mbele ya ubao. Mwaka mmoja niliinua nyeupe kwa kijana aliyeruka vizuri ajabu, na mwenzangu wa reki, anayesawazisha mchanga, akaninyooshea kidole kwenye udongo: dole gumba zima limechorwa pale. Nilikuwa nimemfuata hewani, kama mtazamaji. Nikaibadili bendera, na mama yake yule kijana alikuwepo uwanjani. Tuishie hapo.

Upepo nao usiupuuze, maana unawachanganya wengi. Kipimo huwekwa mita 20 kabla ya kibao, na husoma kwa sekunde 5. Ukisukuma mgongoni kwa zaidi ya mita 2.0 kwa sekunde, mruko hauwi rekodi, ila kwenye shindano lenyewe unahesabiwa. Hapa turudi Tokyo 1991, kwa kuwa sijaona darasa zuri kuliko lile.

Lewis alikuja akiwa hajashindwa kuruka chini kwa miaka kumi, mashindano 65 mfululizo. Mzunguko wa nne akaruka 8.91. Hiyo ni sentimita moja zaidi ya 8.90 ya Bob Beamon, iliyokuwa rekodi tangu Mexico City mwaka 1968. Upepo je? 2.9. Basi si rekodi, lakini anaongoza. Mzunguko wa tano Powell akatua 8.95, upepo 0.3 tu. Sasa Lewis amebakiwa na miruko miwili. Akaruka 8.87 huku upepo ukimpinga kidogo, kisha 8.84. Hesabu mwenyewe: miruko yake minne ilipita 8.80 katika jioni moja, na akashika nafasi ya pili. Powell hakuwa na mwingine wa kukaribia ule wake, uliofuatia kwa ubora ulikuwa 8.54. Kuruka chini ni mchezo wa mruko mmoja.

Isipokuwa mkilingana. Kwa hiyo kaa na karatasi na kalamu, andika miruko yote, hata ile inayoonekana haina maana. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, walianza fainali 12, baada ya miruko mitatu wakabaki 8 wa kuruka mitatu mingine. Juan Miguel Echevarría wa Cuba alikuwa na 8.41. Katika mruko wake wa mwisho, Miltiadis Tentoglou wa Ugiriki naye akaruka 8.41. Wakitoshana hivyo hutazamwa mruko wa pili kwa ubora: Mgiriki 8.15, Mkuba 8.09. Dhahabu ikaenda Ugiriki kwa mruko wa 8.15 ambao haukuwa wa kushangiliwa. Echevarría alikuwa na nafasi moja ya kujibu, akaumia msuli akiwa mbioni.

Mwisho ni mchanga. Hupimwa alama iliyo karibu zaidi na kibao, ya kiungo chochote. Miguu ikitua 8.30 na makalio yakakaa 8.10, wewe una 8.10. Mkono uliowekwa nyuma kujizuia ni hasara ileile. Na atoke mbele au ubavuni, asirudi nyuma kupitia mchangani, atafutiwa. Tazama haraka, kwa sababu mtu wa reki hachelewi.

Ukishaona mguu, makalio na upepo, andika makisio yako kabla namba haijatokea ubaoni. Nyumbani kwetu anayekosea kwa zaidi ya sentimita 20 ndiye anayekwenda kuchemsha chai. Mke wangu hajawahi kushika bendera hata siku moja, na jiko nalijua mimi.